Anza na Mwezi Usio na Ua

Bustani yangu ya kwanza ilipendeza kwa wiki sita, kisha ikabaki kijani kitupu hadi mwaka uliofuata. Kosa nililifanya siku moja tu: nilikwenda kwenye kitalu cha miche nikachagua kila kilichokuwa kimechanua siku ile. Nikarudi nyumbani na mimea kumi na miwili, yote ya msimu mmoja. Ilichanua pamoja, ikanyauka pamoja.

Siku hizi naanza na mwezi mtupu. Chukua karatasi, andika majina ya miezi 12 kutoka juu hadi chini, na mbele ya kila mwezi andika kinachochanua kwako. Usiandike kwa kukumbuka, maana tunachokumbuka ni zile siku nzuri. Toka nje kila mwanzo wa mwezi, uangalie, ndipo uandike. Mwezi ukikosa jina, huo ndio mwezi wa kutembea. Tazama nyua za majirani na kingo za njia. Kinachochanua huko, kwenye udongo na hewa kama ya kwako, ndicho unachokihitaji. Bisha hodi, omba kipandikizi. Mpenda maua hukataa mara chache sana.

Vichaka vya kudumu vitangulie, kwa kuwa ndivyo vinavyochukua nafasi na muda. Kwa miezi mikavu mimi hutegemea bogenvilia. Ukiitazama kwa karibu utaona kwamba ile rangi tunayoiita ua ni majani tu. Maua yenyewe ni vile vijimrija vyembamba vyeupe katikati. Mmea huu hauhitaji kudekezwa. Nilipoumwagilia kila jioni na kuujazia samadi ulinipa majani mengi ya kijani na miiba. Nilipouachia jua la kutwa na kiu kidogo, ukawaka.

Miwaridi ndiyo iliyonifundisha kupishanisha. Si yote inayorudia kuchanua. Mingine huchanua mara moja kwa mwaka, kwa hiyo uliza kabla ya kuchukua. Ile inayorudia, ukiipogoa leo itakupa maua tena baada ya wiki sita hadi nane hivi. Ninayo sita. Zamani niliipogoa yote asubuhi moja, halafu wiki kadhaa nikakaa bila hata waridi moja la kutia chomboni. Sasa napogoa mitatu, nasubiri wiki tatu, ndipo naimalizia iliyobaki. Shuka na kikonyo cha ua lililofifia hadi kwenye jani lenye vijani vitano, tafuta kijicho cha chipukizi kinachotazama nje ya kichaka, ukate juu yake kidogo, kama nusu sentimita, mkasi ukiwa mshazari. Chipukizi likielekea ndani, matawi yatasongamana, hewa haitapita, na majani yakikaa na unyevu yatapata ukungu.

Maua ya muda mfupi ni ya kujazia mapengo. Zinia huchanua miezi miwili hivi baada ya kupandwa, basi usimwage pakiti nzima ya mbegu siku moja. Panda mstari mmoja, na baada ya wiki tatu au nne panda mwingine. Kata maua yaliyonyauka kabla hayajafunga mbegu, kwa sababu mmea ukishapata mbegu hauna haja tena ya kuchanua.

Liko jambo moja lililonisumbua misimu miwili. Krisanthemamu zangu za karibu na mlango zilistawi lakini hazikutoa hata tumba moja, ilhali zile za nyuma ya nyumba, za shina lile lile, zilijaa maua. Nilibadilisha mbolea, nikabadilisha udongo, wapi! Kumbe ni taa ya mlangoni iliyokuwa ikiwaka usiku kucha. Krisanthemamu hutunga maua usiku unaporefuka, na taa ile iliufanya mmea uone siku haziishi. Nilizihamishia mahali pasipo na taa usiku, zikachanua. Kwa hiyo unapochagua mahali pa kupanda, toka nje na usiku pia.

Maua ya matunguu, yaani yanayoota kutoka kwenye tunguu la ardhini lenye umbo kama la kitunguu, yapande katikati ya mimea mingine, ili yakishamaliza, majani yake yakauke yamejificha. Usiyakate yakiwa bado mabichi. Ndiyo yanayolilisha tunguu kwa ajili ya mwaka ujao.

Kwenye karatasi yangu bado kuna mwezi mmoja wenye jina moja tu: vinka nyeupe iliyoota yenyewe kando ya ngazi, penye ufa ambao nisingeweza hata kuingiza jembe. Nimeiacha hapo hapo. Mwezi huo ukifika tena, nitatembea na kisu na kitambaa kibichi cha kufungia vipandikizi.