Monticello na mama: ndiyo, nendeni

Dada, umeuliza kama Monticello, nyumba ya Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, kule Virginia, inafaa safari ya siku moja kutoka Washington ukiwa na mama yako. Inafaa sana. Kwa gari ni kama saa mbili na nusu.

Kwenye ukumbi wa mbele, itazameni saa kubwa. Vyuma vyake vizito hushuka ukutani kando ya majina ya siku. Ukuta haukutosha wiki nzima, basi sakafu ikatobolewa na jina la Jumamosi likawekwa kwenye chumba cha chini ya sakafu.

Ila tafadhali msiishie ndani ya nyumba. Jefferson huyu, aliyeandika katika Tangazo la Uhuru wa Marekani kwamba watu wote wameumbwa sawa, alimiliki watumwa zaidi ya 600 maishani mwake. Shukeni Mulberry Row, palipokuwa na karakana na makazi yao, mfuate ziara inayoeleza utumwa. Mtasikia habari za Sally Hemings, mtumwa wake aliyemzalia Jefferson watoto, na kaka yake James, aliyejifunza upishi Ufaransa akiwa bado mtumwa. Mimi muda wangu mwingi ningeuweka hapo. Jefferson alifariki 4 Julai 1826 akiwa na madeni makubwa, na Januari 1827 watumwa wake wapatao 130 wakanadiwa palepale, familia zikatawanyika.

Kuhusu magoti ya mama: ghorofa za juu zina ngazi nyembamba zenye mwinuko mkali, kwa hiyo chukueni tiketi ya ghorofa ya chini tu.