Springi kwanza, shokapu baadaye: kwa kijana unayeanza ufundi wa miguu ya gari

Mteja akikwambia gari lake ni gumu, usikimbilie kumuuzia shokapu. Muulize kwanza linabeba nini. Hapa Mwanza, Probox inayotoka soko la Mwaloni, Kirumba, na magunia ya dagaa haifungwi springi sawa na Probox ya mwalimu anayekwenda Nyegezi peke yake, hata kama zinapita barabara moja. Kisha pima upepo wa tairi na ulinganishe na kibandiko cha mlango wa dereva, maana tairi lililojazwa kupita kiasi nalo linafanya gari liwe gumu.

Springi ndiyo inayobeba uzito. Shokapu kazi yake ni kuituliza: inasukuma oili kwenye vitundu vidogo mpaka nguvu ya kudunda igeuke joto. Ukiielewa tofauti hiyo, utalisoma gari kabla hujaligusa. Springi ngumu ikifungwa na shokapu laini, gari likivuka tuta linaendelea kunesa mara mbili tatu, na kwenye kona tairi linapoteza mshiko. Shokapu ngumu ikifungwa na springi laini, kwenye barabara ya vumbi yenye vijituta vilivyopangana kama bati springi haiwahi kurudi juu kabla ya kijituta kinachofuata. Gari linazidi kushuka hadi mguu unafika mwisho na kugonga, na abiria wa nyuma ndiye anayeumia mgongo.

Kwa hiyo chagua springi kwa uzito, halafu tafuta shokapu inayoiweza. Ukinunua za mtumba, pima unene wa waya kwa vernia kalipa (kifaa cha kupimia unene), usiamini macho. Waya wa milimita 13 badala ya 12, upana wa springi na idadi ya mizunguko vikiwa vilevile, unaongeza ugumu kwa zaidi ya theluthi moja. Milimita moja tu! Ukichanganya kushoto na kulia, gari litakaa upande.

Kukata springi mimi sikubali kabisa. Mizunguko ikipungua springi inakuwa ngumu zaidi, na ncha iliyokatwa haikai vizuri kwenye kiti chake. Wateja wanaopanda njia za mawe za Bugarika na Mabatini wataomba gari liinuliwe; spesa, yaani kipande kinachowekwa kwenye kiti cha springi ili kuinua gari, ni afadhali kwa sababu haibadilishi ugumu, ila ikiwa nene mno inakula nafasi ya mguu kushuka. Inua kidogo, kisha mpeleke mteja akapime alaimenti, yaani mkao wa magurudumu.

Shokapu zibadilishwe kwa jozi. Nati za bushi, yaani mipira ya kwenye maungio ya mguu, zikaze mwisho kabisa, gari likiwa limekalia tairi zake, si likiwa juu ya jeki. Ukizikaza mguu ukining'inia, mpira unabaki umejipinda muda wote na unachanika mapema. Ukimaliza, lijaribu gari likiwa na mzigo wake wa kila siku, mwenyewe akiwa ndani.