"Force", "kraft" na "nguvu": kosa liko wapi?

Swali: Natafsiri nyaraka za Kiingereza, Kiswidi, Kinorwe na Kidenmaki. Kamusi yangu inasema "force" ni "kraft", nami naandika "nguvu" kila mahali. Mhariri ameirudisha kazi. Nimekosea wapi?

Jibu: Umelibebesha neno moja kazi ambayo Waskandinavia wameigawia maneno kadhaa.

Kwenye fizikia "kraft" iko sawa katika lugha zote tatu, ila Kiswahili chake ni kani, ile inayopimwa kwa nyutoni. Angalia tu Kinorwe: "kraft" mara nyingi ni umeme, na "kraftverk" ni kituo cha kuzalisha umeme.

Kwenye sheria za Kinorwe utakuta "Loven trer i kraft 1. januar". Andika "Sheria itaanza kutumika tarehe 1 Januari". "Inaingia katika nguvu" si Kiswahili cha mtu yeyote.

Kikosi cha askari ni "styrke" kwa Kinorwe na Kidenmaki, "styrka" kwa Kiswidi. Jeshi la anga ni habari nyingine: Flygvapnet Uswidi, Luftforsvaret Norwe, Flyvevåbnet Denmaki. Humo hamna "kraft" wala "styrke", kwa hiyo usijaribu kuyaunda majina haya kutoka kwenye Kiingereza.

Kulazimisha ni "tvinge", Kiswidi "tvinga". Panapoponza wengi ni matumizi ya nguvu kati ya mataifa, yale yanayokatazwa na Ibara ya 2(4) ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Mdenmaki husema "magt", neno ambalo kwingine ni mamlaka. Mswidi husema "våld", neno lilelile la ukatili wa majumbani. Ukiandika "ukatili" hapo umebadilisha maana ya ibara. Andika "matumizi ya nguvu".

Chunga pia herufi. "Kræft" ya Kidenmaki na "kreft" ya Kinorwe ni saratani, na nakala iliyoskaniwa vibaya huweza kugeuza æ kuwa a. Nayo "force" ndani ya sentensi ya Kidenmaki ni jambo ambalo mtu analimudu hasa.

Mwisho, ukikutana na High Force kaskazini mwa Uingereza, liache jina lilivyo. Ni maporomoko ya mto Tees, na "force" hiyo haikutoka Kifaransa kama ile nyingine. Ni "fors", yaani maporomoko, ya Kinorse cha kale, lugha iliyozizaa hizi tatu, ambayo Mnorwe leo huiita "foss".