Re: Tangu niokoke mambo yamezidi kuwa magumu, je Mungu ameniacha?

Bwana asifiwe, dada. Umesema uliacha kughushi risiti kazini kwa ajili ya Kristo, sasa wenzako wamekutenga, hela haitoshi na ukiomba moyo ni mkavu. Pole sana.

Soma Kutoka sura ya 5, taratibu. Musa na Haruni walitii, wakaenda kwa Farao kama walivyotumwa. Matokeo yake? Farao akawanyima watu majani ya kufanyia matofali, wakatawanyika nchi nzima kuokota mabua, na idadi ya matofali haikupunguzwa hata moja. Wanyapara wa Kiisraeli wakachapwa. Yaani utii ndio ulioleta kipigo! Musa akarudi kwa Mungu akamuuliza waziwazi kwa nini alimtuma. Mungu hakumkemea. Alimjibu kwamba sasa ataona atakalomtenda Farao.

Kinachonigusa zaidi ni 6:9: watu walishindwa hata kumsikiliza Musa, roho zao zilivyokuwa zimevunjika. Na bado Mungu aliwatoa. Hakungoja kwanza wajisikie vizuri.

Kwa hiyo usipime uwepo wa Mungu kwa ukavu wa moyo wako. Mwambie unavyoumia, hata kama ni sentensi moja kabla ya kulala. Risiti usizirudie, hata mwezi ukibana. Na mtafute mama mmoja aliyekomaa hapo kanisani kwenu, anayejua kutunza siri, umweleze haya haya muombe pamoja.