Sindano za intaferoni baada ya kukatwa saratani ya unyayo: jibu kwa ndugu wa Kasulu

Ndugu yetu wa Kasulu ameuliza mambo matatu kuhusu baba yake, aliyekatwa melanoma, yaani saratani ya ngozi, unyayoni kisha akaandikiwa sindano za intaferoni. Kwanza, je, dawa hiyo ni sawa na unga wa "kuongeza kinga" unaouzwa stendi? Pili, kwa nini mzee apandwe na homa kila anapochomwa? Tatu, je, itafikaje Kasulu na kukaa bila kuharibika? Mimi si daktari. Nilimuuguza mjomba wangu hapa Ujiji kwa karibu mwaka mzima akiwa kwenye dawa hiyohiyo, na mchomaji wa sindano nilikuwa mimi, kwa hiyo ninayoandika ni yale niliyoyaona na yale aliyonieleza daktari wake.

Mjomba alikuwa mvuvi. Doa jeusi lilimtokea chini ya kisigino, tukadhani ni mwiba uliobaki ndani, kisha tukadhani ni damu iliyovilia, na kwa dhana hizo tulipoteza karibu miaka miwili. Wengi wetu tunaamini melanoma ni ugonjwa wa wazungu na jua lao, ilhali sisi weusi hutupata zaidi nyayoni, viganjani na chini ya kucha, mahali ambapo hakuna anayepachunguza. Ndiyo iliyomuua Bob Marley mwaka 1981, nayo ilianzia kwenye kidole gumba cha mguu.

Sasa kuhusu dawa yenyewe. Intaferoni haina uhusiano wowote na unga wa stendi. Ni protini ambayo mwili wenyewe huitengeneza unapovamiwa na virusi. Seli iliyoshambuliwa huimwaga nje ili kuzitahadharisha nyingine, kama mbiu ya mgambo, nasi tunajua ikilia kuna jambo. Alick Isaacs na Jean Lindenmann waliigundua London mwaka 1957. Kwa miaka mingi ilipatikana kwa shida sana, kwani Kari Cantell wa Helsinki alilazimika kuichuja kutoka chembe nyeupe za damu ya wachangiaji wengi ili apate kiasi kidogo mno. Mwaka 1980 kundi la Charles Weissmann wa Zurich lilitangaza kwamba limeweza kuifanya bakteria iitengeneze, na hapo ndipo ilipoanza kupatikana kwa wingi. Marekani iliiidhinisha mwaka 1986 kwa aina moja adimu ya saratani ya damu, na mwaka 1995 kwa melanoma iliyokwisha kukatwa lakini yenye hatari kubwa ya kurudi, ambayo ndiyo hali ya baba yako.

Seli ya saratani huponea kwa kujificha: hupunguza alama za protini zilizo juu yake, walinzi wa mwili wakaipita bila kuitambua. Intaferoni ikizishika seli, alama hizo hujitokeza wazi zaidi, seli za ulinzi huchangamka, na kasi ya saratani kugawanyika hupungua. Haimezwi, kwa sababu tumbo lingeimeng'enya kama linavyomeng'enya dagaa. Mjomba alitundikiwa dripu siku tano kila wiki kwa wiki nne akiwa hospitalini, kisha akarudi nyumbani na sindano za chini ya ngozi, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 48.

Homa, basi, ni mbiu hiyo kulia. Hata mafua yanapokulaza kitandani na viungo vyote vinauma, sehemu kubwa ya maumivu hayo huletwa na intaferoni na protini za jamii yake. Nilikuwa nikimchoma saa mbili usiku, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, tumboni au pajani kwa zamu, baada ya kumpa panadoli kama tulivyoagizwa. Ikifika saa tano meno yanagongana, blanketi mbili hazitoshi. Alfajiri shuka limelowa jasho na homa imekwisha. Lakini hapa kwetu kuna malaria, na jambo hili naomba ulizingatie sana. Niliandika kila homa kwenye kalenda ya ukutani, na homa yoyote iliyokuja siku isiyo ya sindano, au iliyopitiliza asubuhi, tulikwenda kupima siku hiyohiyo. Mara mbili ilikuwa malaria. Mara moja chembe zake nyeupe zilikuwa zimeshuka mno, jambo ambalo dawa hii hulisababisha, na daktari akasimamisha sindano kwa muda. Vipimo vya damu, vya ini na vya tezi ya shingo visirukwe.

Lililonitisha kuliko homa ni moyo wake. Mwezi wa tano aliacha kushona nyavu. Alikaa ameuelekea ukuta, migebuka akasema ina ladha ya chuma, na siku moja akaniambia kwamba ziwa halimwambii kitu tena. Nilidhani ni uchovu wa ugonjwa. Daktari alipoambiwa kwa simu alisema dawa hii inaweza kumtia mtu sonona hata kufikia kutaka kujiua, akapunguza kipimo na kumwandikia dawa ya sonona. Muulize baba yako waziwazi kila wiki, wala usisubiri aanze mwenyewe.

Faida ya dawa hii niiseme kama ilivyo: huchelewesha saratani kurudi, na kwa baadhi ya wagonjwa huizuia, lakini maisha inayoyaongeza kwa jumla ni machache. Mjomba alikaa miaka minne kabla saratani haijatokea kwenye matezi ya kinena. Siku hizi kuna dawa nyingine, kingamwili zinazoondoa breki za seli za ulinzi, kazi iliyowapa James Allison na Tasuku Honjo tuzo ya Nobel mwaka 2018, na kwa melanoma zimechukua nafasi ya intaferoni kwa kiasi kikubwa. Mwulizeni daktari kwa nini amechagua hii. Ikiwa sababu ni bei, mjue hivyo kabla ya kuchangisha ukoo.

Kuhusu baridi: nyuzi 2 hadi 8, isigande, isitikiswe. Niliharibu chupa sita kwa kuziweka chini ya kichumba cha barafu cha jokofu letu. Zikaganda usiku, nikataka kuziyeyusha, mfamasia akanikataza, kwa sababu protini iliyoganda huvurugika umbo hata kama maji yake yanaonekana safi. Tangu hapo zilikaa kwenye jokofu la chanjo la zahanati ya jirani, kwa ruhusa ya mganga mfawidhi. Kwa safari ya Kasulu, omba kibebeo cha chanjo. Viache vibarafu vyake, vile vipakiti vya maji yaliyogandishwa, nje kwanza mpaka ukivitikisa usikie maji ndani, kisha uzifunge chupa kwa kitambaa ili zisigusane navyo, na kibebeo kikae miguuni pako, si kwenye buti la basi.