Chumba unakiona Oktoba, ukuta unajibu Januari

Swali lenu la wiki hii ni hili, chumba unachokaa ukiwa chuo kikiwa na unyevu na ukungu unafanyaje. Naomba nijibu kwa kirefu maana nimelala na huo ukungu mwaka mzima wa masomo pale Mbeya, rumeti wangu akahama kwa ajili yake, cheti changu cha form four kikapata madoa meusi ambayo mpaka leo hayatoki, na ushauri ninaousikia kila mahali ni ule ule, mwaga jiki, paka rangi. Mi nasema kabla hujashika brashi jua kwanza maji yanatoka wapi. Ukungu ni maji. Ukikata maji ukungu hauoti tena, usipoyakata utapaka rangi kila semista na utakuwa unapaka hela yako.

Kwetu ni Tanga, baba yangu fundi ujenzi, kwahiyo unyevu wa ukutani sio kitu kigeni kwangu, ila wa kwetu ni mwingine kabisa. Pwani unapanda kutoka chini, ukuta unanyonya maji ya ardhini kama utambi wa koroboi, na kama tofali zilifyatuliwa kwa mchanga wenye chumvi basi plasta inachanua unga mweupe na kubanduka, lakini huku chini tu, haizidi sana usawa wa mita moja. Juu ya hapo ukuta mkavu. Nilipofika Mbeya nikajua nimeshauacha huko.

Sasa angalieni tunavyopanga vyumba. Chuo kinafunguliwa mwisho wa Oktoba au Novemba, kwahiyo geto unalitafuta Septemba, Oktoba, na Mbeya miezi hiyo ni kiangazi, vumbi tupu, mvua bado. Chumba unakikuta kimepakwa rangi mpya kinanukia vizuri, dalali anasubiri hela yake, mama mwenye nyumba anataka miezi sita, unalipa. Hela yenyewe sio ya bumu, yaani mkopo wa wanafunzi, maana bumu halijaingia, ni ya mzazi kauza kitu. Alafu Novemba mvua inaanza na haikati mpaka Aprili huko. Januari ndo ukuta unakujibu, na hapo hela yako imeshaliwa zamani.

Sisi tulijua kwa harufu kwanza, harufu kama ya gunia lililolowa likaachwa kwenye kona. Tukafikiri nguo. Tukafua kila kitu, harufu ipo palepale. Siku rumeti anatafuta hereni yake iliyodondoka akavuta kabati, nyuma ukuta wote mweusi kuanzia chini mpaka juu, kama mtu amepuliza masizi. Tukageuza godoro, maana mi nilikuwa nalala chini bila kitanda, upande wa chini una madoa ya kijani na meusi na limelowa kabisa ukibonyeza. Begi langu lenye vyeti lilikuwa limesimama kwenye hiyo kona. Nililia jamani, cheti cha NECTA, baraza la mitihani, sio karatasi ya kuchapisha upya stationery kesho yake.

Tukaenda kwa mama mwenye nyumba. Shikamoo mama, marahaba wanangu, tukamueleza vizuri. Akatujibu, "Nyie watoto mnapika ndani, mnaanika ndani, madirisha hamfungui, huo ukungu mnauleta wenyewe, vyumba vya wasafi havina hayo." Hilo neno la usafi lilituuma sana. Sisi tulikuwa tunadeki kila siku. Na nimekuja kugundua karibu kila mwanafunzi aliyewahi kulalamika ukungu amejibiwa hivihivi, unaambiwa mchafu ili uone aibu unyamaze, na wengi tunanyamaza kweli.

Nikampigia baba usiku. Akaniambia, "Mwanangu usipake chochote, chukua nailoni ngumu, kata vipande kama ukubwa wa daftari, futa ukuta ukauke, bandika kwa seloteji pande zote nne hewa isipite, kimoja ukuta wa nje kimoja ule wa upande wa bafu la jirani, kaa siku mbili alafu niambie maji yako upande gani wa nailoni." Nilifanya. Ukuta wa nje nailoni ililowa kwa mbele, upande wa chumbani, nyuma yake pakavu. Ukuta wa bafu ililowa kwa nyuma, maji yamejikusanya kati ya nailoni na plasta. Baba akasema basi mna magonjwa mawili hapo, la kwanza ni hewa yenu, la pili ni bomba au tailizi za huyo jirani, na kila moja lina dawa yake.

Hili la hewa nalieleza kidogo kwa sababu mama mwenye nyumba hakukosea lote, na nilimwambia hivyo. Chukua soda ya baridi kwenye friji weka mezani, chupa inatoka jasho. Yale maji hayajavuja kwenye soda, yametoka kwenye hewa ya chumba yakashikwa na ubaridi wa chupa. Ukuta wa Mbeya asubuhi ndo hiyo chupa, na bati lisilo na singibodi, yaani dari ya mbao, ndo kabisa linatoka jasho mpaka linadondoka kwenye shuka. Sasa hewa ya chumba inapata wapi maji? Watu wawili mnapumua usiku kucha. Nguo mbichi kwenye kamba. Na gesi, hii wengi hawaijui, gesi ikiungua inatengeneza maji yenyewe hata kama hujabandika sufuria, kila kilo moja ya gesi ya kupikia inatoa mvuke wa maji kama lita moja na nusu. Kwahiyo ule mtungi mdogo wa kilo 6 mpaka unaisha umemwaga chumbani kama lita 9 za maji, karibu nusu ya ndoo kubwa, bado hujahesabu mvuke wa maharage.

Lakini tungepikia wapi? Nyumba haina jiko, ina vyumba sita na korido. Na kufungua dirisha, sawa, ila kwa nini nyumba za zamani zenye watu nane chumbani hazikuwa hivi? Angalia juu ya madirisha yake, kuna matundu ya hewa, hata dirisha likifungwa mvuke unatoka. Ya kwetu yalikuwepo pia, ukichungulia kwa nje unaona alama zake, waliyaziba kwa saruji walipoweka madirisha ya alumini, wanasema kwa ajili ya baridi na mbu. Wangeweka neti tu. Kwahiyo mwanafunzi amefungiwa kwenye chupa alafu anaulizwa kwa nini chupa inatoka jasho.

Kuhusu afya naomba msilichukulie kawaida. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mzima mwaka 2009 kuhusu unyevu na ukungu wa ndani, wakasema wanaokaa kwenye majengo yenye unyevu wana hatari zaidi ya kukohoa, kubanwa kifua na pumu. Rumeti wangu alikuwa na pumu tangu mdogo, imetulia miaka. Kufika Februari anaamka usiku anapiga mluzi kifuani, amekohoa zaidi ya wiki mbili wakampima kifua kikuu, hana, daktari akamuuliza unalala wapi. Wiki hiyohiyo kahama, kaenda kukaa kwa shangazi yake mbali na chuo, nauli kila siku, na kodi ya miezi iliyobaki hakurudishiwa hata shilingi. Mi nilibaki kwa sababu sikuwa na shangazi Mbeya.

Na kuna kisa cha Uingereza ambacho nikikikumbuka moyo unauma. Mtoto Awaab Ishak, miaka miwili, wazazi wake walitoka Sudan, walikuwa wanakaa mji wa Rochdale, alifariki Desemba 2020. Novemba 2022 uchunguzi wa kifo chake ukatamka kwamba kilisababishwa na kukaa muda mrefu kwenye ukungu ndani ya nyumba waliyopanga. Baba yake alikuwa amelalamika tangu 2017, na unajua aliambiwa nini? Apake rangi. Wenzetu wakatunga sheria yenye jina la huyo mtoto, ikapita 2023, ikaanza kutumika Oktoba 2025 kwa nyumba za mashirika yanayopangisha watu wa kipato cha chini, mwenye nyumba anapewa muda maalum wa kuchunguza na kurekebisha. Neno aliloambiwa yule baba ndo hilohilo tunaloambiwa sisi huku Mbeya, ndo maana likitamkwa mbele yangu siwezi kukaa kimya.

Turudi kwetu. Nilimpelekea mama mwenye nyumba picha za nailoni, nikamuita aje aone mwenyewe maji yalivyo nyuma yake, na baba akaongea naye kwa simu kwa heshima, fundi na mwenye nyumba. Hapo ndo mambo yakabadilika, nadhani kwa sababu alielewa kwamba bomba likiendelea kuvuja ni ukuta wake unaoliwa. Fundi bomba akavunja tailizi mbili kwenye bafu la jirani, akakuta kiungo kinavuja taratibu, pengine miezi na miezi. Matundu ya hewa akafungua mawili akaweka neti. Gharama ya matundu tulichanga wapangaji, nilitaka ikatwe kwenye kodi, akakataa, nikaona bora nipumue.

Ukuta haukukauka kesho yake, hilo mjue. Bomba lilitengenezwa mwanzoni mwa Machi, ukuta ukakauka kabisa Juni, na muda wote huo nilikataa usipakwe rangi, rangi ya mafuta hasa inafungia maji ndani alafu inatoka malengelenge. Ule weusi niliufuta kwa maji ya sabuni na kitambaa, mdomo na pua nimeziba, dirisha wazi. Usiukwangue mkavu, unaupeperusha chumba kizima alafu unauvuta. Jiki inatoa rangi nyeusi ila kwenye plasta haifiki ndani, wiki mbili umerudi. Na wale mnaochanganya jiki na siki au na dawa ya choo ili iwe kali, acheni, inatoa gesi ya sumu. Kuna wengine wanaingiza jiko la mkaa chumbani kukausha ukuta na kupata joto, milango imefungwa. Hapo nawaomba kabisa, mkaa kwenye chumba kilichofungwa unaua mkiwa usingizini na hausikii harufu yoyote. Bora ukungu.

Godoro nilinyanyua juu ya mapaleti niliyopewa dukani, kabati nikalisogeza mbele kama kiganja cha mkono hewa ipite nyuma, napika dirisha likiwa wazi hata kama baridi inang'ata na naliacha hivyo kama nusu saa baada ya kuepua. Ukuta wa nje umekuwa mzuri kwa hayo tu. Lakini ule wa bafu ningefungua madirisha mpaka nizeeke usingekauka bila fundi bomba, ndo maana nakasirika mtu akiambiwa afungue dirisha kabla hajapimiwa ukuta.

Mdogo wangu anaanza chuo Mbeya mwaka huu na ameshaanza kutumiwa picha za vyumba na madalali, vyote vina rangi mpya. Nimemwambia avute kabati, apapase ukuta wa kona kwa nyuma ya mkono, aangalie singibodi kama ina madoa ya rangi ya chai, atafute matundu ya hewa, aulize upande wa pili wa kila ukuta kuna nini, na amuulize mpangaji anayehama, sio dalali, Januari hapa panakuwaje. Jana kanipigia, kapata chumba kizuri bei nzuri, kabati limejengewa ukutani halivutiki. Nimemwambia asilipe kwanza, namfuata Jumamosi.