Weinberg hakutungia makofi

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: msanii akifa kabla kazi yake kubwa haijafika jukwaani, je, jasho lake limekwenda bure? Nasema hapana, na shahidi wangu ni Mieczysław Weinberg, mtunzi Myahudi aliyezaliwa Warszawa mwaka 1919 na kufariki Moscow mwaka 1996.

Opera aliyoithamini kuliko zote, "Abiria", aliimaliza mwaka 1968. Ilisikika hadharani kwa mara ya kwanza Desemba 2006, tena kwa kuimbwa tu, bila maigizo. Kuigizwa kamili kulingoja hadi 2010, kwenye tamasha la Bregenz nchini Austria. Mwenyewe alikuwa na miaka 14 kaburini.

Baba yake alikuwa mpiga fidla katika maigizo ya Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, na Weinberg alianza kazi humo humo akiwa mtoto, kwenye piano. Septemba 1939 Wajerumani walipoivamia Poland, alitoka mjini kwa miguu kuelekea mashariki pamoja na mdogo wake, Ester. Viatu vilimuumiza binti yule, akarudi kwa wazazi. Kaka akaendelea hadi Minsk, katika Umoja wa Kisovieti. Wazazi na Ester wakaja kuuawa katika kambi ya Trawniki. Mimi naona muziki wake wote unaanzia pale njiani walipoachana.

Mwaka 1941 vita vilimfuata Minsk, akakimbilia Tashkent, Uzbekistan. Huko alimwoa Natalia, binti wa mwigizaji mashuhuri Solomon Mikhoels, na noti za simfoni yake ya kwanza, yaani utunzi mkubwa wa okestra, zikamfikia Dmitri Shostakovich, mtunzi mashuhuri wa Kisovieti, ambaye alizipenda na kumsaidia kuhamia Moscow mwaka 1943. Lakini Januari 1948 Mikhoels aliuawa kwa amri ya Stalin, mtawala wa Umoja wa Kisovieti, mauaji yakatengenezwa yaonekane ajali ya gari. Februari 1953 Weinberg naye akakamatwa. Shostakovich alimwandikia Beria, kigogo wa usalama wa Stalin, barua ya kumtetea, ujasiri ambao ungeweza kumponza yeye mwenyewe, na mke wa Shostakovich akajiandaa kumlea binti mdogo wa Weinberg endapo Natalia naye angechukuliwa. Stalin alikufa Machi. Aprili mfungwa akaachiwa.

Wapo wanaomwita kivuli cha Shostakovich, nami hilo silikubali kabisa. Wawili hao walionyeshana kila walichoandika, na Shostakovich alimtunukia Kwateti yake ya 10, utunzi wa ala nne za nyuzi. Huo ni uhusiano wa mafundi wanaoheshimiana.

Sasa turudi kwenye opera. Lisa, aliyekuwa mlinzi wa SS, kikosi cha Wanazi, huko kwenye kambi ya mauaji ya Auschwitz, yuko melini na mumewe kuelekea Brazil, miaka mingi baada ya vita. Anamwona abiria mwanamke anayefanana na Marta, mfungwa wake wa zamani. Kisa kilitoka kwa Zofia Posmysz, mwandishi wa Poland ambaye mwenyewe aliokoka Auschwitz. Mchumba wa Marta, Tadeusz, ni mpiga fidla. Anaamriwa kumpigia kamanda wa kambi waltzi anayoipenda. Badala yake anapiga Chaconne, utunzi wa fidla pekee wa Mjerumani Bach. Fidla inavunjwa, naye anapelekwa kufa. Fikirini alichokifanya: watu wanaojiona kilele cha ustaarabu, mfungwa anawapigia kito cha Mjerumani mwenzao, nao hawawezi kukivumilia. Sijui opera nyingine ya karne ya 20 inayosema jambo zito namna hii kwa fidla moja.

Shostakovich aliisifu mno, lakini mipango ya kuionyesha ikazuiwa na wakubwa wa Kisovieti. Je, Weinberg alitupa kalamu? Aliacha opera saba, kwateti 17 na simfoni zaidi ya 20. Riziki ilitoka kwenye filamu na sarakasi. Hata muziki wa katuni za Kisovieti za dubu Winnie-the-Pooh ni wake. Mwaka 1991 akakamilisha Simfoni ya 21, "Kaddish", jina la sala ambayo Wayahudi huwasomea wafu wao, akiwatolea waliokufa katika geto la Warszawa, mtaa waliofungiwa Wayahudi wakati wa vita. Ndani yake mna sauti ya soprano, sauti ya juu ya mwanamke, inayoimba bila neno hata moja.

Ndiyo maana nasema jasho lake halikwenda bure. Kuandika juu ya vita na wafu wake alikuhesabu kuwa wajibu wa aliyesalia, na wajibu wa aina hiyo hautimizwi kwa makofi ya ukumbi. Hasara ni yetu, tuliocheleweshewa opera ile karibu miaka 40. Na wale walioizuia wanastahili lawama, hata kama kazi yenyewe ilisalimika.

Msomaji anayetaka kumsikia asianze na "Kaddish", ni nzito. Aanze na Kwinteti ya Piano, yaani piano na ala nne za nyuzi, ya mwaka 1944, aliyoitunga akiwa na miaka 24, wakati vita bado vinaendelea.